Nyota Zilizokuwa Zikihama

Mwezi uliopita tulimhamisha Mama kutoka Kitengela tukamleta Matasia, akae karibu nasi. Katika kupakia vitu nilikuta, nyuma ya debe tupu la unga, tochi ya zamani ya bati. Kioo chake kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi nyekundu ya peremende, imefungwa kwa mpira ambao ulikatika nilipougusa tu. Nilifungua mahali pa betri. Betri zilikuwa zimevuja, zikatoa ile harufu chungu ya kutu, na mara moja nikawa na miaka tisa, nimesimama uani bila viatu, nikimsubiri Baba amalize kunawa mikono atoke nje.

Mume wangu aliuliza kama itupwe. Nilikaa juu ya boksi la vyombo, na mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria kwa miaka mingi yakaanza kunirudia.

Baba alikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu katika shule moja ya wasichana nje ya mji wa Kajiado. Siku za wiki alilala huko huko shuleni, na Ijumaa jioni alirudi kwetu Kitengela. Wazazi wangu walikuwa watu wa Bungoma. Walifuata kazi hadi huku kwenye tambarare, wakapanga nyumba ya mawe ya vyumba viwili mwisho kabisa wa barabara ya vumbi. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa dirishani, ikaguna kutwa nzima, na iliponyamaza kabla ya saa za kupika tulijua kuna jambo.

Kama wewe ni wa rika langu na uliijua Kitengela ya wakati ule, utakumbuka kwamba hizi ghorofa hazikuwako. Kulikuwa na nyasi na miiba, na wakati wa kiangazi nyumbu walisogea hadi karibu na kamba ya nguo, wakasimama kumtazama Mama akianika shuka kana kwamba wamealikwa. Jirani yetu wa pekee wa karibu alikuwa Mama Nashipae, Mmaasai, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya waya. Binti yake, Nashipae, alikuwa rafiki yangu. Giza likiingia, lilikuwa giza kweli. Ungenyoosha mkono usiuone, na juu ya mabati yetu nyota zilijaa kama unga uliomwagika.

Ijumaa, ugali ukiwa bado jikoni, Baba alitoka nje na tochi yake. Ile karatasi nyekundu aliifunga mwenyewe. Aliniambia kwamba mwanga mweupe huyafanya macho yashindwe kuona gizani, lakini mwekundu huyaacha yalivyo. Nilimwamini. Kwa kweli hapakuwa na kitu alichosema Baba ambacho sikukiamini, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Jumamosi moja ya likizo ya Desemba alitukusanya sisi watoto, tulikuwa kama saba, karibu na tangi letu jeusi la maji. Akachota jivu jikoni na kuchora mistari kulizunguka tangi, duara ndani ya duara, hadi uani kote kukawa na pete nyeupe.

"Tangi ni katikati ya galaksi," alisema. "Nyinyi ni nyota. Kila mtu na mstari wake. Na mkimbie mbio moja, hakuna mashindano hapa."

Nashipae aliwekwa mstari wa ndani, mimi wa tatu. Tulikimbia. Haukupita muda Nashipae akawa amemaliza mzunguko na kuanza mwingine, nami bado niko upande wa pili wa tangi.

"Baba, Nashipae ananiacha!"

"Amekushinda mbio?"

"Hapana!"

"Sasa mbona anakuacha?"

Nilifikiri huku nikikimbia. "Njia yake ni fupi!"

Baba alipiga makofi kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha akanisimamisha. "Wewe Nafula ni Jua. Sasa, nyota haiendi kama treni kwenye reli. Inayumba kidogo ndani, kidogo nje. Na inapanda na kushuka. Hebu zunguka hivyo, ukiruka."

Basi nikazunguka nikiyumba na kurukaruka, wenzangu nao wakaiga, vumbi na jivu vikapanda hadi Mama akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu! Huyo mtoto atatapika uji wote!"

Tulipochoka tulikaa kivulini, naye akachukua kijiti akachora chapati ardhini, nyembamba pembeni, nene katikati. Galaksi yetu iko hivyo, akasema, na sisi tumo ndani yake, si katikati wala ukingoni kabisa. Jua linaizunguka likituburuta pamoja nalo, na mzunguko mmoja unachukua zaidi ya miaka milioni mia mbili. Tangu watu wawe duniani, hatujamaliza hata kona moja.

"Na Inkokua je?" Nashipae aliuliza. Hilo ndilo jina la Kimaasai la Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizobanana.

"Hao walizaliwa pamoja, wingu moja," Baba alisema. "Bado wanatembea pamoja, kama watoto wa mama mmoja wakienda shule. Lakini kila mmoja na njia yake. Mwishowe watatawanyika."

"Watapotezana?" nikauliza mimi.

"Watatawanyika," akarudia, kama mwalimu anayesahihisha neno, akaenda kunywa maji. Hakujua ameniachia nini tumboni.

Mtoto wa miaka tisa hajui mwishowe ni lini. Kwangu ilikuwa labda Pasaka. Nilianza kuziangalia zile nyota kwa wasiwasi, kama mtu aliyesikia kwamba jirani anahama lakini hajaambiwa siku. Tena Baba alikuwa ameniambia jambo jingine: kwamba nyota ziko mbali mno hata mwanga wake huchelewa njiani, na ule wa Kilimia tunaouona leo ulitoka huko kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. "Ni barua ya zamani, Nafu. Aliyeiandika huenda yuko mahali pengine sasa."

Ijumaa iliyofuata akaanza kunitahini. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

"Kilimia ngapi leo?"

"Sita. Hapana, saba. Moja ni hafifu."

"Na chini ya zile tatu za mstari?"

"Kuna nyingine tatu ndogo, zimening'inia."

"Ya katikati ikoje?"

"Kama imepuliziwa pumzi."

Alitikisa kichwa polepole, amefurahi, uso ameuinua juu. Nilijibidiisha kama mtu aliye kwenye mtihani wa taifa. Juma zima nilitoka nje peke yangu kufanya mazoezi, ili Ijumaa nisikosee. Lakini jioni moja ya Januari nilimwonyesha nyota ndogo iliyokuwa karibu na kona ya paa, naye akasema, "Hiyo mimi siioni."

"Iko pale, Baba."

"Siioni, mama." Aliniita mama wakati wa upole. "Wiki hii siioni."

Nilikaa na neno hilo. Nikalipangua na kulipanga upya kitandani, hadi nikapata jibu ambalo lilinitetemesha kwa jinsi lilivyokuwa wazi. Nyota zinahama. Mwanga wake ni barua iliyochelewa. Baba ni mwalimu, amesoma mpaka chuo kikuu, macho yake lazima yanapata habari mapema kuliko yangu. Kama yeye haioni, basi imeshaondoka, na mimi ninatazama barua tu.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza kama mtu mzima anayempa mwenzake pole. "Ile ya kona ya paa imehama, sivyo?"

Baba aliweka mkono wake kichwani kwangu. "Inaweza kuwa imehama," alisema.

Baada ya hapo zilihama nyingi. Moja baada ya nyingine, kila wiki, zile ndogo kwanza. Mimi bado nilikuwa nikiziona, na nilizionea huruma kwa sababu nilijua ni barua. Kufikia Februari alisema Kilimia kwake ni kama moshi tu. Kufikia Machi alisema hakuna kitu pale. Usiku huo nililia chini ya blanketi. Watoto wa mama mmoja walikuwa wametawanyika, na wa kwanza kujua alikuwa Baba, naye hata hakuhuzunika.

Mambo mengine niliyaona lakini sikuyaunganisha. Baba aligonga kichwa kwenye kamba ya nguo. Alimkanyaga mbuzi wa Mama Nashipae aliyelala njiani na kumwomba msamaha akidhani ni mtu, tukacheka hadi machozi, naye akacheka kuliko sote. Alianza kuondoka Kajiado mapema zaidi, akifika nyumbani jua likiwa bado juu. Siku moja nilisikia cherehani ikinyamaza, na Mama akisema kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, "Utawaambia lini?" Nilidhani ni habari ya Kilimia.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo Baba alichelewa. Jua lilizama nyuma ya vilima vya Ngong, na barabarani hakutokea mtu. Mama alitoka hadi kwenye lango, akarudi, akatoka tena. Alipoona giza limeshika kabisa, alipiga kelele ng'ambo ya waya kumwita jirani.

"Mama Nashipae! Mwalimu hajafika!"

Mama Nashipae alikuja na taa ya chemni, shuka begani. "Ameshuka pale barabarani kitambo," alisema. "Watoto wangu wamemwona na begi yake. Alikuwa anapita njia ya mkato."

Mama aliweka mkono mdomoni. Sikuelewa. Njia ya mkato ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na Baba aliijua kuliko mtu yeyote. Mama na Mama Nashipae walishika njia kuu wakiita. Mimi niliambiwa nikae ndani. Nilikaa nikahesabu hadi hamsini, kisha nikapenya chini ya waya na kuingia kwenye nyasi.

Nilimwona upesi kuliko nilivyotarajia, maana macho yangu yalikuwa na mazoezi ya giza ya miezi minne. Alikuwa amesimama katikati ya tambarare, karibu kiasi kwamba mtu angerusha jiwe kutoka nyumbani likamfikia. Taa yetu ilikuwa ikionekana dirishani. Lakini Baba alikuwa ameipa mgongo. Begi lilikuwa chini. Mikono yake aliinyoosha mbele, vidole vimefunguka, kama mtu anayetafuta mlango ndani ya chumba asichokijua.

"Baba?"

Aligeuka, lakini si kwangu. Aligeukia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Nafula? Ni wewe? Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Usikuje. Kuna shimo mahali hapa, la kuchimbwa mawe, nimelisikia kwa mguu. Wewe simama hapo hapo. Ongea tu, mimi nitakuja kwa sauti yako."

"Niseme nini?"

Nilisikia pumzi yake. "Niambie nyota," akasema.

Nikainua uso. Nikaanza na zile tatu za mstari, kisha zile zinazoning'inia, kisha ile kubwa kali inayometameta kama ina hasira. Baba alikuwa akija, mguu mmoja, kisha mwingine, akipapasa ardhi kwa kiatu kabla ya kukanyaga. Nikamwambia Kilimia. Nikamwambia ni saba leo, na zote ziko pale. Na hapo, katikati ya kuhesabu, nilielewa. Sikuwa nimetahiniwa hata siku moja. Baba alikuwa akiniuliza kwa sababu alitaka kujua.

Nilianza kulia lakini sikuacha kusema, kwa sababu nilijua nikiacha atapotea njia. Nilitaja hata nyota ambazo sikuzijua majina, nikizitaja kwa mahali zilipo, hadi vidole vyake vikagusa nywele zangu.

Alipiga magoti kwenye nyasi. "Nafu. Nyota hazijahama."

"Ulisema zimehama!"

"Wewe ndiye ulisema. Mimi nikaona ni neno zuri kuliko langu, nikaliacha." Alinifuta uso kwa tai yake. "Ni macho yangu, mama. Yanafunga giza likiingia. Nilikosea kukuficha."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na swali moja ambalo lilikuwa limenikaa tangu Desemba. "Na Kilimia je? Watatawanyika au hapana?"

Nadhani hakutarajia hilo. Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye nusu yake inalia. "Watatawanyika, huo ni ukweli. Lakini sikiliza. Shika unywele mmoja, unyooshe mkono wako, uutazame ulivyo mwembamba. Maisha yako yote, hata ukizeeka kama kukhu, nyanya yako, Kilimia haitasogea upana wa huo unywele. Utaikuta pale pale."

Mama alifika na taa, akihema, viatu mkononi. Alimkumbatia Baba na mimi kwa pamoja, na Mama Nashipae akasimama pembeni akisema kwa Kimaasai maneno ya kumshukuru Mungu.

Usiku ule waliongea mezani mbele yangu, bila kushusha sauti. Ndipo nilipojua kwamba Baba alikuwa ameenda kwa daktari wa macho Nairobi mwaka uliotangulia, na kwamba ugonjwa wake hauna dawa. Huanza na giza, kisha hula pembeni, kisha katikati. Shuleni hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa kwamba mwalimu asiyeona ubao vizuri ataambiwa arudi kwao.

"Kesho nitaenda kumwambia mwalimu mkuu," alisema. "Nitaenda na Nafula."

Mama aliniangalia, kisha akamwangalia yeye. "Sawa," akasema, akaanza kunipigia pasi gauni la kanisani.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja kutoka Nyeri, mnene, mwenye miwani ya kamba. Alitupokea ofisini Jumamosi asubuhi, akanipa kiti na mandazi. Baba alikataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa kwa kosa.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Sasa ni miaka miwili. Mchana naona mbele yangu, kama mtu anachungulia kwa bomba. Ubao nauona. Jioni ndiyo sioni kitu."

"Na mbona hukusema?"

"Niliogopa," Baba alisema. Nilikuwa sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwake.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mwalimu, kaa kwanza. Wale wasichana wako wa kidato cha tatu, wale wanakufuata jioni ukitoka maktaba mpaka mlangoni kwako, wakikuuliza maswali ya hesabu. Unajua ni kwa nini?"

"Wanapenda kuuliza."

"Walikuja kwangu muhula uliopita. Waliona umegonga mlingoti wa bendera. Wakaomba niwaruhusu wawe na zamu, wawili wawili kila jioni, wakufikishe bila wewe kujua. Maswali ni ya kukufanya uendelee kutembea nao."

Baba alikaa. Aliweka mikono kati ya magoti. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika na nikashtuka, nikidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka.

"Yalikuwa maswali rahisi sana," alisema alipoweza. "Nilianza kudhani darasa limekuwa jinga."

Mwalimu mkuu alimwondolea zamu zote za jioni siku hiyo hiyo, akamwambia atafundisha mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Ikawa miaka saba. Miaka miwili ya mwisho alifundisha bila kuona ubao. Msichana mmoja aliandika, yeye akasema, na nimekutana na wanawake wazima ambao hadi leo wanaweza kutatua hesabu ndefu kichwani kwa sababu walifundishwa na mtu aliyelazimika kufanya hivyo. Baadaye alirudi nyumbani kabisa, na miaka mingi ikapita kabla hajafariki, asubuhi, Mama akiwa kwenye cherehani yake.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Jumamosi, tulipotoka ofisini. Tulishuka kutoka shuleni hadi mjini Kajiado kwa miguu, jua likiwa kali, njia imejaa watu na mbuzi waliotoka mnadani. Hapo mbele ya maduka Baba alisimama. Alitafuta bega langu, akaweka mkono wake juu yake, mchana kweupe, mbele za watu waliomjua.

Mzee mmoja mwenye shuka nyekundu, ambaye mabinti zake walisoma pale shuleni, alimsimamisha. Niliinamisha kichwa aniguse, kama tulivyosalimu wazee huku, naye akanigusa.

"Mwalimu, leo unatembea polepole. Ni mgonjwa?"

"Ni macho, mzee," Baba alisema, kwa ile sauti yake ya darasani, watu wawili watatu wakageuka. "Yanaelekea kuisha. Huyu ni binti yangu, Nafula. Yeye ndiye ananionyesha njia."

Mzee alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba nimetajwa cheo. Tukaendelea. Nilikuwa mfupi, na niliona Baba analazimika kuinama upande mmoja ili mkono wake ukae juu ya bega langu. Basi nikatembea kwa ncha za vidole, mji wote wa Kajiado, hadi kituoni.